Bei ya Hisa ya Zamani na ya Sasa: Usilinganishe Gunia na Gorogoro

Vikundi vingi vya maendeleo, vya akina mama, vya vijana na hata vya wazee, vimenunua hisa za kampuni zilizo katika Soko la Hisa la Nairobi. Wengine walianza mwaka 2006, wakati KenGen ilipouza hisa zake kwa shilingi 11.90. Wengi zaidi waliingia mwaka 2008, Safaricom ilipouziwa wananchi hisa bilioni 10 kwa shilingi 5 kila moja, na watu wakapanga foleni nje ya mabenki kama wanaopiga kura.

Tangu hapo, kila mwaka kikundi kikikutana linakuja swali lile lile: je, tumepata faida ama tumepata hasara? Mweka hazina hufungua kitabu na kusoma bei ya kununulia. Kijana mmoja hutoa simu na kusoma bei ya leo. Wanatoa moja kwa nyingine, na jibu linalopatikana ndilo linalopigiwa kura: tuuze ama tusiuze. Shida ni kwamba mara nyingi bei hizo mbili si za kitu kimoja. Kikundi kinaweza kuuza mali nzuri kwa hofu ya hasara ambayo haipo. Tena familia inaweza kudanganywa mchana kweupe na mtu anayejua jambo ambalo wao hawalijui.

Katika makala hii tutaeleza jinsi ya kusawazisha bei za zamani ili zilingane na za leo. Hesabu yake ni ya kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya tu. Aliyemaliza darasa la nane anaiweza.

Gunia likiwa gorogoro

Tuseme mwaka jana mwandishi wa kikundi aliandika katika kitabu: mahindi, shilingi 3,600. Mwaka huu akaandika: mahindi, shilingi 90. Mtu akisoma haraka atapiga kelele, ati mahindi yameanguka bei! Kumbe mwaka jana aliandika bei ya gunia la kilo 90, na mwaka huu ameandika bei ya gorogoro moja ya kilo 2. Gunia moja hutoa gorogoro 45. Mara 45 kwa 90, unapata shilingi 4,050. Basi mahindi hayakushuka hata kidogo, yamepanda kwa shilingi 450 kila gunia.

Hisa nazo hufanyiwa hivyo hivyo. Kampuni ikiona bei ya hisa yake imekuwa kubwa mno kwa mtu wa kawaida, huigawanya. Hisa moja ya shilingi 200 inakuwa hisa kumi za shilingi 20. Kwa miaka mingi soko letu liliuza hisa kuanzia 100 kwenda juu, kwa hivyo mwenye kutaka hisa za shilingi 200 alihitaji 20,000 mkononi, lakini baada ya kugawanywa alihitaji 2,000 tu. Hakuna aliyepata utajiri siku hiyo, na hakuna aliyeibiwa. Mali ni ile ile, imepimwa kwa kibaba kidogo.

Kuna njia ya pili inayofanana na hiyo. Kampuni huwapa wenye hisa hisa za nyongeza bila malipo, tunazoita hisa za bonasi. Ikitoa bonasi ya hisa 2 kwa kila hisa 1, mwenye 100 anakuwa na 300. Watu hufurahi sana siku ya bonasi, na kampuni nayo hutangaza kwa mbwembwe. Lakini keki ni ile ile imekatwa vipande vitatu mahali pa kimoja, na bei sokoni hushuka kufikia kama theluthi.

Tuone mambo yalivyokuwa kwa benki ya Equity. Hisa zake ziliingia sokoni Agosti 2006. Mwaka 2007 ikatoa bonasi ya hisa 2 kwa kila 1. Mwaka 2009 ikagawanya kila hisa kuwa 10. Sasa fuata mtu aliyekuwa na hisa 100 siku ile ya Agosti 2006 na hakuuza hata moja. Baada ya bonasi alikuwa na 300. Baada ya kugawanywa alikuwa na 3,000. Kwa hivyo hisa moja ya 2006 ni sawa na hisa 30 za baada ya 2009. Ukitaka kulinganisha bei ya 2006 na ya leo, gawanya ile ya 2006 kwa 30. Mtu aliyeiona bei ya 2006 ikiwa makumi ya shilingi, na leo akaiona bado ni makumi ya shilingi, akasema hii benki haijasonga, huyo amelinganisha gunia na gorogoro.

Benki ya KCB nayo iligawanya hisa zake mwaka 2007, moja kuwa 10. Mwenye kitabu cha bei cha kabla ya hapo ni lazima aondoe sifuri moja.

Wale wanaopenda soda watafurahia hesabu ya Coca-Cola ya Marekani. Mwaka 1919 hisa zake ziliuzwa kwa umma kwa dola 40 moja. Mwaka 2024 hisa moja ilipita dola 60. Ati miaka mia na zaidi, dola 20 tu? Hapana. Katika miaka hiyo hisa ziligawanywa mara nyingi, na hisa moja ya 1919 imekuwa hisa 9,216. Gawanya dola 40 kwa 9,216 na utapata kama sehemu 0.0043 ya dola, yaani haifiki nusu ya senti moja ya Kimarekani. Hiyo ndiyo bei ya 1919 iliyosawazishwa. Ukienda upande wa pili, mara 9,216 kwa dola 60, unapata zaidi ya dola 550,000. Hapo bado hatujahesabu mgao wa faida hata mara moja.

Cheti katika sanduku la mzee

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapoumia.

Kabla ya mwaka 2004 hisa zote hapa Kenya ziliandikwa katika vyeti vya karatasi. Mwaka huo ilianza kazi ile ofisi kuu ya kuweka hisa katika akaunti za kompyuta, inayojulikana kwa herufi CDSC. Lakini hata baada ya hapo watu wengi walibaki na karatasi zao sandukuni, na wengine wamezikwa bila kumwambia mtu. Watoto wanafungua sanduku na kukuta cheti: hisa 100. Anatokea mjuaji mmoja, labda jirani, labda mtu wa mjini, anaangalia cheti na kuangalia bei kwenye simu. Tuseme bei ni shilingi 40. Anasema, "Hizi ni shilingi 4,000 tu, na kuzifuatilia ni gharama. Mimi nitawapa 5,000 mkononi, mnipe cheti na karatasi za mzee."

Familia inashukuru. Kumbe kama cheti hicho ni cha hisa za Equity cha 2006, na mzee hakuuza, hisa si 100 bali ni 3,000, na kwa bei hiyo ya mfano ni shilingi 120,000. Tena kuna migao ya faida ya miaka hiyo yote ambayo huenda haijachukuliwa.

Ujue kwamba kinachohesabika si namba iliyo kwenye karatasi. Kinachohesabika ni daftari la wenye hisa, ambalo hutunzwa na msajili wa hisa wa kila kampuni. Kampuni ikigawanya hisa, daftari hubadilishwa siku hiyo hiyo, hata kama karatasi yako bado inasema 100. Kwa hivyo kabla ya kukubali bei ya mtu yeyote, andika barua kwa msajili au nenda mwenyewe ukiwa na cheti, na ikiwa mwenyewe amefariki, uende na karatasi za mirathi kutoka mahakamani. Uliza mambo mawili: hisa ni ngapi leo, na migao ambayo haijalipwa ni kiasi gani. Migao iliyokaa miaka bila kudaiwa hupelekwa kwa ile mamlaka ya serikali inayotunza mali isiyodaiwa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Haijapotea. Mwenyewe au warithi wake wanaweza kuidai huko.

Mgao wa faida: ng'ombe na ndama

Mambo ya kugawanya hisa ni rahisi kwa sababu yanaonekana. Bei ikitoka 200 kwenda 20 kwa usiku mmoja, hata asiyejua kitu atauliza kuna nini. Mgao wa faida ni mgumu zaidi kwa sababu unafanya kazi kimya kimya, kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka.

Mfugaji yeyote anajua kwamba ng'ombe mwenye mimba kubwa huuzwa bei ghali kuliko yule asiye na mimba, maana anayenunua ananunua wawili. Ng'ombe akishazaa, ukimpeleka sokoni peke yake bila ndama, bei itakuwa chini kuliko juzi. Je, umepata hasara? Ndama yuko nyumbani.

Hisa yenye mgao uliotangazwa ni kama ng'ombe huyo mwenye mimba. Kampuni hutangaza kwamba itafunga daftari tarehe fulani, na kila aliye katika daftari siku hiyo atalipwa. Anayenunua kabla, ananunua hisa pamoja na mgao. Anayenunua baada, ananunua hisa tupu. Basi asubuhi ya siku ya kwanza ya kuuza hisa tupu, bei hushuka kwa kiasi kinachokaribia mgao wenyewe. Haishuki sawasawa hadi senti ya mwisho, kwa maana siku hiyo hiyo soko lina habari zake nyingine, lakini hushuka. Aliyekuwa na hisa hakupoteza kitu. Sehemu ya mali yake imetoka kwenye hisa na iko njiani kuja mfukoni.

Angalia vizuri tarehe. Si siku ya kutangazwa mgao, wala si siku pesa zinapoingia katika benki au simu. Ni siku ile hisa inapoanza kuuzwa bila mgao. Kwa kuwa hapa kwetu mauzo ya hisa humalizwa siku 3 za kazi baada ya kununua, siku hiyo huja mapema kidogo kabla ya daftari kufungwa. Anayenunua siku daftari linapofungwa amechelewa, jina lake halitakuwa limefika.

Sasa tuitazame Safaricom. Kampuni hii haijawahi kugawanya hisa zake. Waliouziwa 2008 kwa shilingi 5 wana hisa zile zile. Kwa hivyo hapa hakuna tatizo la gunia na gorogoro, kuna mambo ya ndama peke yake. Baada ya 2008 bei ilianguka chini ya shilingi 5 na kukaa huko miaka kadhaa, na wengi waliuza kwa uchungu. Mwaka 2021 bei ilipita shilingi 40. Kufikia mwisho wa 2023 ilikuwa imerudi chini ya 15. Mtu aliyeshika tangu mwanzo, akatoa 5 kwa 14, atasema nimepata shilingi 9 kwa hisa kwa miaka 15.

Lakini huyo amesahau ndama wote. Kwa mwaka wa hesabu uliokwisha Machi 2009 kampuni ililipa senti 10 kwa hisa, kidogo sana. Kwa ule wa 2013 ililipa senti 31. Kwa 2016 ililipa senti 76, na juu yake mgao wa pekee wa senti 68. Kwa 2019 ilikuwa shilingi 1.25, na tena mgao wa pekee wa senti 62. Kwa 2020 ilikuwa shilingi 1.40. Kwa 2024 na 2025 ilikuwa shilingi 1.20 kila mwaka. Ukijumlisha yote kutoka mwaka wa hesabu wa 2009 hadi wa 2025 unapata kama shilingi 15 kwa kila hisa, kabla ya ile kodi ya asilimia 5 ambayo mkaaji wa Kenya hukatwa kwenye mgao. Yaani mtu alirudishiwa ile shilingi 5 yake mara tatu, na hisa bado anayo. Kikundi ambacho kila mwaka kiligawana pesa hizo wakati wa Krismasi, halafu kikalalamika kwamba hisa hazileti kitu, kimekula ndama na kumlaumu ng'ombe.

Kwa nini tunazidisha na hatutoi

Swali zuri: kama bei hushuka kwa sababu ya mgao, kwa nini tusitoe migao yote kutoka bei ya zamani tu? Ijaribu kwa Safaricom. Chukua shilingi 5 ya 2008, utoe migao ya shilingi 15 iliyofuata. Unapata shilingi 10 chini ya sifuri. Kwani kuna mtu aliwahi kulipwa ili achukue hisa? Hiyo si bei ya kitu chochote duniani.

Kwa sababu hiyo wenye kazi hii huzidisha kwa namba ndogo inayoonyesha ni sehemu gani ya thamani iliyobaki kwenye hisa baada ya mgao kutoka. Chukua bei ya mwisho ya hisa ikiwa bado na mgao. Toa mgao. Kinachobaki ukigawanye kwa ile bei ya mwisho. Kwa mfano, mgao wa mwisho wa Safaricom kwa mwaka wa 2024 ulikuwa senti 65. Tuseme, ili hesabu iwe laini, bei ya mwisho yenye mgao ilikuwa shilingi 13. Toa 0.65, inabaki 12.35. Gawanya kwa 13, unapata 0.95. Basi bei zote za kabla ya siku hiyo, ya jana yake na ya miaka kumi nyuma, unazizidisha kwa 0.95. Bei za siku hiyo na za baadaye huzigusi.

Ukifika kwenye mgao mwingine wa nyuma zaidi, unatafuta namba yake nayo, na bei za kabla yake zinazidishwa kwa namba zote mbili. Ndivyo unavyorudi nyuma hatua kwa hatua, kutoka leo kwenda jana. Bei za zamani kabisa ndizo zinazobeba namba nyingi, na ndiyo maana huonekana ndogo sana.

Tuifanye yote kwa mfano mmoja

Kampuni hii ni ya kubuni, ili tusimsingizie mtu. Mwisho wa 2019 hisa yake ilikuwa shilingi 200. Mwisho wa 2020, shilingi 240. Katikati ya 2021 ikagawanya kila hisa kuwa 10, na mwisho wa mwaka huo bei ikawa 27. Katikati ya 2022 ikalipa mgao wa shilingi 1.50, na bei ya mwisho yenye mgao ilikuwa 30. Mwisho wa 2022 bei ilikuwa 29, na mwisho wa 2023 ilikuwa 31.

Kitabu cha mweka hazina kinasema 200 imekuwa 31. Hasara ya zaidi ya asilimia 84! Mkutano unataka kuvunjika.

Anza kutoka mwisho. Ya 2023 ni 31, iache. Ya 2022 ni 29, na kwa kuwa mgao ulilipwa kabla ya mwisho wa mwaka huo, iache pia. Namba ya mgao ni 28.50 ukigawanya kwa 30, yaani 0.95. Ya 2021 ilikuwa 27. Zidisha kwa 0.95, inakuwa 25.65. Ya 2020 ilikuwa 240. Iko nyuma ya mgao na pia nyuma ya kugawanywa, kwa hivyo gawanya kwa 10, inakuwa 24, kisha zidisha kwa 0.95, inakuwa 22.80. Ya 2019 ilikuwa 200. Kwa 10 inakuwa 20, kwa 0.95 inakuwa 19.

Kwa hivyo safari ya kweli ni kutoka 19 kwenda 31, faida ya asilimia 63 na kidogo. Hakikisha kwa njia nyingine: aliyekuwa na hisa moja ya shilingi 200 ana hisa 10 za shilingi 31, ambazo ni 310, na alipokea mgao wa shilingi 15. Jumla ni 325. Hiyo ni faida ya asilimia 62 na nusu. Ile tofauti ndogo inatoka wapi? Bei iliyosawazishwa huchukulia kwamba mgao haukukaa mfukoni bali ulinunua hisa nyingine siku ile ile, na hizo nazo zikapanda bei. Kikundi kilichokula mgao wake kitumie njia ya pili, ya kujumlisha pesa kilizopokea. Pia kitumie pesa zilizofika kweli, baada ya kodi, kwa sababu orodha za bei zilizosawazishwa huhesabu mgao kabla ya kodi.

Hisa zinazouzwa kwa bei ya jamaa

Mara nyingine kampuni ikihitaji pesa huwaambia wenye hisa wake: nyinyi mna haki ya kununua hisa mpya kwa bei nafuu kabla ya wengine. KCB mwaka 2010 iliwapa haki ya kununua hisa 2 kwa kila 5, kwa shilingi 17. Kenya Airways mwaka 2012 ilisema 16 kwa kila 5, kwa shilingi 14. KenGen mwaka 2016 ilisema 2 kwa kila 1, kwa shilingi 6.55.

Hapa kuna bonasi iliyojificha ndani ya mauzo. Tuseme hisa ya KCB ilikuwa shilingi 24 sokoni siku ya mwisho yenye haki hiyo (nimechagua namba laini tu). Hisa 5 ni shilingi 120. Ongeza 2 za shilingi 17, ni 34. Jumla ni 154 kwa hisa 7, kila moja 22. Namba ya kusawazisha ni 22 kwa 24, kama 0.917, na bei za nyuma zinazidishwa kwa hiyo. Asiyenunua hisa hizo na asiuze haki yake atapoteza zile shilingi 2 kwa kila hisa, na huyo kweli amepata hasara. Wanakikundi wengi hutupa barua za aina hii wakidhani ni matangazo.

Kuunganisha hisa, kwa mfano 4 kuwa 1, ni kinyume cha kugawanya. Bei ya zamani unaizidisha kwa 4.

Mambo ya kuangalia

Orodha nyingine za bei zimesawazishwa tayari, nyingine hazijaguswa, na nyingine zimesawazishwa kwa kugawanywa kwa hisa peke yake lakini si kwa migao. Ukisawazisha mara mbili umeharibu. Njia ya kujua ni kutafuta siku ambayo hisa ziligawanywa. Bei ikiruka kutoka 200 hadi 20 kwa siku moja, orodha haijaguswa. Ikipita bila kuruka, kuna mtu amekwisha kufanya kazi hiyo.

Usishangae ukiona bei iliyosawazishwa ya 2015 mwaka huu si ile uliyoiandika mwaka jana. Si kwamba mtu amechezea rekodi. Kila mgao mpya ukilipwa, bei zote za nyuma hushuka kidogo. Kwa sababu hiyo hiyo, bei iliyosawazishwa si bei ambayo mtu yeyote alilipa. Katika mambo ya mirathi, ya kugawana mali au kesi, utatakiwa kuonyesha bei halisi na risiti ya wakala wa hisa, kwa hivyo mweke zote mbili.

Hesabu hii pia haigusi kupanda kwa gharama ya maisha. Shilingi 5 ya 2008 ilinunua vitu vingi kuliko shilingi 5 ya leo, na hiyo ni hesabu nyingine kabisa.

Kuna pia vile vipimo vya soko vinavyosomwa redioni. Kipimo cha kampuni 20, ambacho kilianzia pointi 100 mwaka 1966, na kile cha hisa zote kilichoanza mwaka 2008, vyote hufuata bei bila kuhesabu mgao unaolipwa. Ukisikia kwamba soko halikusonga mwaka mzima, aliyepokea mgao mzuri mwaka huo amesonga. Na wakala akikuonyesha mchoro wa kampuni moja uliosawazishwa kwa migao, ulioko juu ya mstari wa soko zima usiohesabu migao, mwambie alinganishe ng'ombe na ng'ombe, ndama na ndama. Mchoro kama huo humfanya muuzaji yeyote aonekane hodari.

Kwa kikundi, dawa ni kuongeza safu tatu katika kitabu cha hisa: tarehe na kiasi cha kila mgao, tarehe na namba ya kila bonasi au kugawanywa, na idadi ya hisa baada yake. Tarehe zikikosekana, ripoti ya mwaka ya kampuni huzitaja mahali panapoelezwa mtaji wa hisa. Kuna na alama moja ambayo wengi hawaitazami. Kila cheti cha zamani huandikwa thamani ya kuanzia ya hisa, ambayo si bei ya soko. Ya Equity ilikuwa shilingi 5 kabla ya 2009, sasa ni senti 50. Ya KCB ilikuwa shilingi 10 kabla ya 2007, sasa ni shilingi 1. Ukikuta thamani iliyo kwenye cheti chako ni kubwa kuliko ile iliyo katika ripoti ya mwaka huu, ujue hisa ziligawanywa baada ya cheti kuchapishwa, na ukigawanya ile kubwa kwa ile ndogo utajua zimekuwa mara ngapi. Bonasi haibadilishi thamani hiyo, kwa hivyo swali la bonasi bado utamwuliza msajili.